Kitunguu saumu bustanini: panda kuelekea kipupwe, si vuli

Lalamiko ni lile lile kila mwaka: kimeota vizuri, majani yamefika magotini, miezi mitano imepita, lakini ukiking'oa unakuta shina nene kama la kitunguu cha majani, hakuna punje hata moja. Udongo unalaumiwa, samadi inalaumiwa, aliyeuza mbegu naye hasalimiki. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kupanda, tena lilianzia kwenye neno moja tu.

Miongozo mingi inayosambaa imetoka Ulaya na Marekani, ambako kitunguu saumu hupandwa kati ya Septemba na Novemba. Majira hayo yakitafsiriwa huitwa vuli. Basi mtu wa Karatu au Arusha akisoma "panda wakati wa vuli" anasubiri mvua za vuli na kupanda Oktoba. Lakini vuli ya kule inafuatwa na miezi ya baridi kali, na vuli ya huku inafuatwa na jua la Januari na Februari. Neno ni moja, hali ya hewa ni kinyume.

Kitunguu saumu hakigawanyiki punje mpaka kionje baridi. Kinahitaji wiki sita hadi nane za ubaridi, ama kikiwa bado mbegu ama kikiwa mche mchanga, na baridi inayofanya kazi vizuri ni ya nyuzi 10 kushuka chini. Joto likirudi baada ya hapo, kitako huvimba na kugawanyika. Ulaya kurefuka kwa mchana nako kunasaidia. Kwetu karibu na ikweta mchana hauzidi wala kupungua sana saa 12, kwa hiyo baridi ndiyo inayobeba karibu mzigo wote. Baridi yetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Mche unatakiwa uikute Juni ukiwa umeshashika mizizi na kutoa majani matatu au manne. Hesabu kurudi nyuma, utaona kwamba unapaswa kupanda Aprili au mwanzoni mwa Mei.

## Vitu vya kuandaa kabla

Vipimo hivi ni vya tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, linaloingia miche 150. Ukiwa na matuta mawili, zidisha mara mbili.

- Vitunguu saumu 22 hivi vya mbegu, karibu robo tatu ya kilo. Kila kimoja kitakupa punje kama nane zinazofaa kupandwa. Zilizobaki ni za jikoni.
- Samadi au mboji iliyooza kabisa, ndoo mbili za lita 20.
- Mbolea ya DAP, vijiko vinne vya chakula vilivyosawazishwa. Asiyetaka mbolea ya dukani aongeze ndoo ya tatu ya samadi.
- Mbolea ya CAN, vijiko sita vya chakula, vitatu kwa kila awamu.
- Nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, magunia mawili.
- Kamba ya mita nne, vijiti viwili, na kijiti kingine chenye alama kila sentimita 10.
- Jembe, reki, na ndoo ya kumwagilia yenye pua ya matundu.
- Mfuko wa karatasi na nafasi ndogo kwenye friji, kama hatua ya 3 inakuhusu.
- Kitu cha kuzuia kuku: wavu, fito au matawi ya miiba.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Kuku hali kitunguu saumu, lakini nyasi mpya juu ya udongo uliolegea kwake ni mwaliko. Asubuhi moja inatosha kufukua tuta zima.

## Hatua ya 1: Jua mwinuko wa ulipo na tarehe yako

Kuanzia mita 1,700 kutoka usawa wa bahari kwenda juu, kama Mbulu, Njombe, Mbeya na Nyandarua, baridi ya kipupwe inatosha yenyewe. Si bure Mbulu kitunguu saumu ni zao la biashara.

Kati ya mita 1,300 na 1,700, kama Arusha, Lushoto, Iringa mjini na sehemu nyingi za Nairobi, usiku wa Julai ni wa baridi lakini si kila mwaka inatosha. Hapa mbegu ipitishe kwenye friji kwanza.

Chini ya hapo, usijidanganye. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hazina usiku wa kukifanya kitunguu saumu kigawanyike vizuri. Panda punje kwenye ndoo au kopo, kata majani yakifika sentimita 20, yatumie kama kitunguu cha majani. Ni matumizi mazuri ya punje zilizochipua jikoni, na hayahitaji kusubiri miezi mitano.

Tarehe zinakuwa hivi:

- Kaskazini mwa Tanzania na nyanda za juu za Kenya: katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei. Ukipanda Machi, masika yanayopiga kwa nguvu yanaweza kuozesha punje kabla hazijashika mizizi.
- Iringa, Njombe na Mbeya: mwisho wa Machi hadi mwisho wa Aprili. Mvua za huko hukatika mapema, nawe unataka punje zichipue kwa unyevu wa mwisho. Baada ya hapo utamwagilia mwenyewe.

Baridi ya kuunguza maharage haiui kitunguu saumu. Ncha za majani zinaweza kukauka kidogo, mche ukaendelea.

Kwa aliye Uingereza au kaskazini mwa Marekani, kile cha "vuli" ni sahihi kwako: panda Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, ardhi ikiwa bado haijaganda, punje ifunikwe kwa sentimita 5 za udongo. Mahali ambapo ardhi huganda, weka majani makavu unene wa sentimita 10 au zaidi. Utavuna Juni au Julai. Friji ya hatua ya 3 huihitaji, dunia inakufanyia kazi hiyo bure.

## Hatua ya 2: Tafuta mbegu, usichukue kilicho jikoni

Kitunguu saumu hakina mbegu ya pakiti. Mbegu yake ni punje, ambazo wengine huziita vidole au vikonyo. Maana yake ni kwamba ugonjwa wa mama unakwenda kwa mtoto moja kwa moja, na tabia ya mama pia.

Kile kikubwa cheupe cha dukani, chenye kitako kilichonyolewa mizizi kikabaki laini, kwa kawaida kimetoka China, nchi inayolima sehemu kubwa zaidi ya kitunguu saumu cha dunia. Hakina ubaya kwenye sufuria. Kama mbegu kina matatizo mawili: aina nyingi zimezoea mchana mrefu wa kaskazini ambao sisi hatuna, na baadhi ya shehena hutibiwa zisichipue safarini na ghalani. Unaweza kubahatisha kikaota. Lakini kwa nini ubahatishe kwa miezi mitano?

Tafuta kilicholimwa nyanda zetu. Hiki huwa kidogo zaidi, mara nyingi na michirizi ya zambarau kwenye ganda, na mizizi mikavu bado imening'inia kitakoni. Muulize muuzaji kimetoka wapi na kilivunwa lini. Kilichovunwa Agosti hadi Oktoba mwaka jana ndicho unachokitaka, kwa sababu kitunguu saumu hulala kwa miezi miwili mitatu baada ya kuvunwa na hakichipui hata ukikibembeleza.

Ukaguzi ni wa dakika mbili:

1. Kibonyeze. Kiwe kigumu pande zote. Kinachobonyea kimekauka ndani au kimeoza.
2. Angalia kitako. Ukungu, vumbi jeusi au ganda lililolowa ni sababu ya kukataa gunia zima, si kitunguu kimoja.
3. Nunua kimoja, chukua punje moja, ipasue kwa urefu. Ndani utaona chipukizi. Kama limefika nusu ya urefu wa punje au zaidi, mbegu imeamka. Kama ni kidoa kidogo tu kitakoni, bado imelala. Subiri au tafuta nyingine.

Nunua mbegu mapema, mwezi Machi, bei ikiwa yoyote ile. Aprili kila mtu anatafuta na kinachobaki ni mabaki.

## Hatua ya 3: Pitisha mbegu kwenye friji

Hatua hii ni kwa walio kati ya mita 1,300 na 1,700. Walio juu zaidi waruke.

Weka vitunguu vizima, bila kuvigawanya, ndani ya mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unatunza jasho na jasho linaleta ukungu. Weka sehemu ya chini ya friji, kule pa mboga, ambako huwa na nyuzi 4 hadi 8. Usiweke kwenye friza: punje iliyoganda imekufa, hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Muda ni wiki nne hadi sita. Anayepanda tarehe 1 Mei aweke kati ya tarehe 20 Machi na mwanzo wa Aprili. Usizidishe ukidhani baridi zaidi ni faida zaidi. Mbegu iliyokaa mno hutoa mche unaochipua vichipukizi vingi pembeni, na kitunguu chenye umbo la ovyo, punje zimetawanyika.

Kila wiki fungua mfuko, toa kilicholainika. Siku ukitoa friji, panda siku hiyo au kesho yake. Ukiviacha kabatini wiki mbili kwenye joto, baridi yote uliyoilipia umeme imefutika.

## Hatua ya 4: Andaa tuta wiki mbili kabla

Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku, pasipotuama maji. Pasiwe palipopandwa kitunguu cha aina yoyote, kiwe kitunguu maji, liki au cha majani, kwa miaka mitatu iliyopita. Magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Palipotoka maharage au kabichi ni pazuri.

Lima kina cha sentimita 25, vunja mabonge hadi udongo uwe laini. Kitunguu kinavimba kikisukuma udongo pembeni. Kwenye udongo wa mabonge kinatoka kimepinda na kimebanwa. Inua tuta sentimita 15 hadi 20 juu ya njia. Kwenye mfinyanzi mzito fika sentimita 25.

Tandaza samadi ndoo mbili na uichanganye na sentimita 15 za juu. Samadi iliyoiva haina harufu ya zizi, haina joto ukiishika, wala huwezi kutambua nyasi alizokula ng'ombe. Mbichi inaunguza mizizi, inaita funza na inakuletea magugu ya kijiji kizima.

Kitunguu saumu hakipendi udongo mchachu. Maeneo kama Lushoto na Njombe mara nyingi ni machachu: ukiona hakuna kinachostawi ila kangaga na michai, weka chokaa ya kilimo, gramu 200 kwa kila mita mraba, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Majivu ya kuni yanasaidia pia, kikombe kimoja kwa mita mraba. Tahadhari: majivu au chokaa visikutane na DAP siku moja, kwa sababu vinafukuza naitrojeni, kile chakula cha majani kilicho ndani ya mbolea, ikapotelea hewani. Utaisikia harufu kali puani. Hiyo ndiyo pesa yako inaondoka.

Tuta liko tayari ukiweza kuingiza kidole chote kwenye udongo bila kutumia nguvu, na baada ya mvua maji hayasimami juu yake zaidi ya dakika chache.

## Hatua ya 5: Gawanya na uchague punje

Fanya hivi siku ya kupanda, au jioni ya kuamkia siku hiyo. Kile kitako kigumu cha punje ndiko mizizi inakotokea, na kikishakauka wazi kwa siku kadhaa mizizi hutoka michache na kwa kusuasua.

Vunja kwa vidole, usitumie kisu. Usimenye ganda, linalinda punje isioze.

Sasa chagua bila huruma. Punje kubwa ya ukingoni inatoa kitunguu kikubwa, punje nyembamba ya katikati inatoa kitunguu chembamba, na mara nyingine kinatoka kitunguu cha punje moja tu kama gololi. Panda kubwa, pika ndogo. Tupa zenye madoa ya njano au kahawia, zenye shimo, na zilizo nyepesi mkononi. Punje mbili zilizogandana ndani ya ganda moja ziende jikoni pia: zitatoa miche miwili itakayopigania shimo moja na kutoka bapa upande mmoja.

Hapa ndipo wengi hufanya kinyume. Kubwa zinakuwa za mboga kwa sababu ni rahisi kumenya, ndogo zinapandwa "kwani si zitakua?" Mwaka unaofuata vitunguu vyote ni vidogo, na watu wanasema mbegu imechoka.

## Hatua ya 6: Panda

1. Mwagilia tuta jana yake, ndoo moja na nusu. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.
2. Vuta kamba kwa urefu wa tuta. Mstari wa kwanza uwe sentimita 10 kutoka ukingoni, kisha acha sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Itatoka mistari mitano.
3. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 6 kando ya kamba. Nyunyiza DAP sawasawa, karibu kijiko kimoja pungufu kidogo kwa kila mstari, kisha ifukie kwa sentimita moja ya udongo. Punje ikigusa mbolea moja kwa moja inaungua kitako.
4. Weka punje kila sentimita 10: kitako chini, ncha juu. Punje 30 kwa mstari.
5. Fukia, ncha ibaki sentimita 3 chini ya udongo. Gandamiza kidogo kwa kiganja.
6. Mwagilia taratibu kwa pua ya matundu.

Usisukumize punje kwenye udongo mgumu kwa kidole gumba. Kitako kinachubuka, na mizizi ikianza kuota inaiinua punje hadi inatokeza nje.

Punje iliyowekwa kichwa chini huota pia, lakini chipukizi linazunguka kutafuta juu, shina linatoka limepinda na kitunguu kinakuwa cha ovyo. Kina kifupi mno kinaacha punje zikifunuliwa na mvua. Kina kirefu mno kwenye mfinyanzi kinaziozesha. Sentimita 3 usiziguse.

Umefanikiwa kama siku ya 7 hadi ya 14 ncha za kijani zinatokeza, na kufikia siku ya 21 umehesabu miche 135 au zaidi kati ya 150. Kama haijafika nusu, fukua mbili tatu uone. Punje ngumu isiyo na mizizi bado imelala, ivumilie. Iliyolainika na kunuka imeoza kwa maji mengi.

## Hatua ya 7: Nyasi kavu na maji

Funika tuta kwa nyasi kavu unene wa sentimita 5, miche ikishafika urefu wa kidole. Ukifunika mapema kwa unene huo, miche dhaifu hupotelea chini. Nyasi zisiwe na mbegu, la sivyo umepanda magugu kwa mikono yako.

Mizizi ya kitunguu saumu ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 20 za juu, kwa hiyo kiu inaipata haraka. Tuta hili linahitaji lita 75 kwa wiki, karibu ndoo nne, mvua isiponyesha. Zigawe mara mbili: ndoo mbili Jumatatu, mbili Alhamisi. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunalowesha ngozi ya udongo tu na mizizi inabaki juu juu. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, ahirisha.

Mwagilia asubuhi, na ikiwezekana chini kwenye udongo. Majani yanayolala na maji usiku wa kipupwe ni kitanda cha ubwiri, ugonjwa wa ukungu wa majani.

## Hatua ya 8: Palizi na mbolea ya kukuzia

Majani ya kitunguu saumu ni membamba, hayatupi kivuli, hivyo hayawezi kushindana na gugu lolote. Palilia wiki ya 3, ya 6 na ya 9. Karibu na mche tumia mkono. Jembe linakata mizizi na kujeruhi shingo.

CAN vijiko vitatu weka wiki ya 4, vingine vitatu wiki ya 8. Iweke katikati ya mistari, isiguse majani, kisha mwagilia. Asiyetumia ya dukani aloweke samadi kwa siku kumi, achanganye kopo moja la maji hayo na makopo matatu ya maji safi, amwagilie kila wiki mbili hadi wiki ya 9.

Baada ya wiki ya 10, acha mbolea ya naitrojeni kabisa, iwe CAN au maji ya samadi. Fukua udongo kidogo pembeni mwa mche mmoja kwa kidole: ukiona shina la chini limeanza kuwa nene kuliko shingo, kitunguu kimeanza kujijenga. Ukiongeza naitrojeni sasa, mche unasahau kazi ya chini na kurudi kwenye majani, na punje changa huanza kuchipua zikiwa bado shambani.

Baadhi ya aina husukuma shina gumu la ua katikati. Likate likianza kujikunja, lipike na mayai. Kuliacha kunapunguza ukubwa wa kitunguu.

## Kinachoharibika, na cha kufanya

Michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani. Ni vithripi, wadudu wadogo kama uzi wanaojificha katikati ya majani pale yanapoungana. Wanapenda ukame. Piga miche kwa maji yenye nguvu asubuhi, kisha nyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita mbili, au mafuta ya mwarobaini kwa kipimo cha kwenye chupa. Nyunyizia jioni, hadi maungio ya majani, na rudia baada ya siku tano.

Doa la zambarau lenye ukingo wa njano. Ni baka zambarau, la kuvu. Linakuja unyevu na joto vikikutana. Kata majani yenye doa, choma, acha kumwagilia juu. Likienea nusu ya tuta, muulize muuzaji wa pembejeo dawa ya kuvu iliyosajiliwa kwa vitunguu na ufuate siku za kusubiri kabla ya kula.

Vidonda vya rangi ya chungwa vinavyoacha vumbi mkononi. Kutu. Ikitokea mwishoni mwa msimu haina madhara makubwa. Ikitokea mapema, miche imebanana au naitrojeni imezidi.

Majani ya chini yananjanoka, mche unang'oka kirahisi, kitako kina utando mweupe wenye chembe nyeusi ndogo kuliko mbegu za mchicha. Hapa simama. Ni uozo mweupe, na chembe hizo hukaa kwenye udongo miaka 20 na zaidi zikisubiri kitunguu kingine. Ng'oa mche pamoja na udongo ulioushika, choma, usitupe kwenye shimo la mboji. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia tuta jingine. Sehemu hiyo usipande tena kitunguu cha aina yoyote. Hakuna dawa ya nyumbani itakayoiondoa, na anayekuuzia moja anakuuzia maji.

Kitunguu cha duara bila punje. Baridi haikutosha, au punje ya mbegu ilikuwa ndogo mno. Usikitupe. Kikaushe, kihifadhi, kipande kizima Aprili ijayo. Kwa kawaida hutoa kitunguu kikubwa chenye punje.

## Hatua ya 9: Kata maji, kisha vuna

Kitunguu kilichopandwa mwisho wa Aprili huwa tayari mwisho wa Agosti hadi Septemba, siku 120 hadi 150. Lakini usivune kwa kalenda. Hesabu majani.

Kila jani la kijani ni ganda moja linalozunguka kitunguu. Jani likikauka, ganda lake nalo linaanza kuoza udongoni. Majani mawili ya chini yakianza kukauka, acha kumwagilia kabisa. Theluthi moja hadi nusu ya majani yakiwa yamekauka na matano hivi ya juu bado ni ya kijani, ng'oa kimoja cha majaribio, ukikate katikati. Punje zimejaa ganda lake na zinaachana na shina la kati? Vuna. Bado zimeshikana, ganda ni nene na lenye maji? Rudi baada ya wiki.

Ukichelewa hadi yote yakauke, vitunguu vinapasukia udongoni na havitakaa ghalani.

Legeza udongo kwa jembe sentimita 10 kutoka kwenye mstari, kisha inua kwa mkono. Usivute majani kwa nguvu, yanakatikia mkononi. Usivigonge kuondoa udongo. Kila alama ya kugongwa ni mlango wa ukungu. Wala usivioshe.

## Hatua ya 10: Kausha na utenge mbegu

Vifunge vitano vitano kwa majani yake, vining'inize kivulini penye upepo: barazani, chini ya paa la ghala, au jikoni kwa kuni mbali kidogo na moto. Jua kali linavipika. Viache wiki tatu hadi nne.

Vimekauka pale shingo inapokuwa ngumu na kavu ukiibana, ganda la nje linachakarika kama karatasi, na mizizi inakatika kwa kidole. Hapo punguza mizizi, acha shingo ya sentimita 3, au visuke kama mkeka. Hifadhi kwenye wavu, kikapu au gunia la katani mahali pakavu penye hewa. Ndani ya ndoo yenye mfuniko vitaota ukungu ndani ya wiki chache.

Kabla hujauza wala kumgawia jirani kimoja, chagua 22 vilivyo vikubwa, visivyo na doa, vyenye punje zilizopangika vizuri. Viandike tarehe, vining'inize peke yake juu. Hivyo ni vya Aprili. Usipovitenga leo, mwaka kesho utakuwa tena mbele ya muuzaji mwezi Machi ukikagua vitako.